Akiba ya Matibabu ya Mifugo: Namna Kaya za Kasulu na Kibondo Zinavyoweza Kujiandaa kwa Gharama za Ghafla

Katika vijiji vya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ng'ombe, mbuzi na kuku ni hazina ya kaya. Mbuzi huuzwa mtoto anapokwenda sekondari, ng'ombe huuzwa panapojengwa nyumba, na kuku huuzwa siku sabuni na chumvi vinapokwisha. Hata hivyo, hazina hiyo ina hatari ambayo fedha iliyowekwa benki haina: huweza kuugua. Mnyama anapougua, kaya hulazimika kupata fedha taslimu ndani ya siku moja au mbili, na mara nyingi mali pekee inayoweza kuuzwa kwa haraka ni mnyama mwingine, tena kwa bei ya mnunuzi.

Makala haya yanaeleza namna kaya inavyoweza kuzikabili gharama hizo kabla hazijafika. Msingi wake ni mmoja: sehemu kubwa ya gharama zinazoitwa za ghafla zinaweza kugeuzwa kuwa gharama ndogo zinazojulikana mapema, na kiasi kinachobaki kikatengewa akiba yake.

Majira ya gharama

Mvua katika nyanda hizo huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika kipindi hicho kupe huongezeka malishoni. Kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia hueneza ndigana kali, ugonjwa unaoua hasa ndama pamoja na ng'ombe wa maziwa wa kigeni na chotara. Kupe wa aina nyingine hueneza ndigana baridi, mkojo damu na maji moyo. Kwa wafugaji walio jirani na Pori la Akiba la Moyowosi na ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, ipo pia hatari ya mbung'o, ambao huambukiza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu.

Majira hayo ndiyo pia ambayo fedha huadimika. Kufikia Desemba na Januari, kaya nyingi za wakulima zimekwisha kutumia fedha katika mbegu na mbolea, chakula ghalani kimepungua, na shule hufunguliwa zikihitaji sare na madaftari. Kwa hiyo ugonjwa wa mifugo na upungufu wa fedha hukutana katika miezi ileile. Kaya inayosubiri ng'ombe augue ndipo itafute fedha hujikuta inatafuta wakati ambapo jirani naye hana cha kukopesha.

Hatua ya kwanza ya kujiandaa, basi, ni kuitenga fedha ya matibabu katika miezi ya kiangazi, baada ya mavuno kuuzwa, hata kama mifugo yote ni mizima.

Kinga ni gharama inayojulikana

Mwezi Juni 2025, mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Kampeni ya Kitaifa ya Chanjo na Utambuzi wa Mifugo, inayotekelezwa kwa kipindi cha miaka mitano. Katika kampeni hiyo ng'ombe huchanjwa dhidi ya homa ya mapafu, mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka, na kuku wa asili dhidi ya magonjwa yakiwemo mdondo. Kutokana na ruzuku ya Serikali, mchango wa mfugaji ulipangwa kuwa shilingi 500 kwa ng'ombe mmoja na shilingi 300 kwa mbuzi au kondoo mmoja, huku kuku wakichanjwa bila malipo.

Kwa viwango hivyo, kaya yenye ng'ombe 4, mbuzi 10 na kuku 20 ingehitaji shilingi 2,000 kwa ng'ombe na shilingi 3,000 kwa mbuzi, yaani shilingi 5,000 kwa jumla. Kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na thamani ya mbuzi mmoja anayekufa kwa sotoka, ugonjwa unaosababishwa na virusi na ambao hauna dawa ya kuuponya.

Zipo kinga nyingine ambazo mfugaji anapaswa kuziingiza katika bajeti yake ya mwaka. Kuogesha au kunyunyizia mifugo dawa ya kupe hufanyika kwa ratiba, mara nyingi zaidi wakati wa mvua. Chanjo ya ndigana kali hutolewa mara moja na kumkinga ng'ombe kwa muda mrefu wa maisha yake; kwa mwenye ng'ombe wa maziwa, bei yake hupaswa kupimwa dhidi ya thamani ya ng'ombe mwenyewe na maziwa anayotoa kila siku. Kuku wanahitaji chanjo ya mdondo kila baada ya miezi 3. Chanjo inayostahimili joto, inayotolewa kwa tone la jicho, huzalishwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, majirani hupata nafuu wakinunua kwa pamoja na kuchanja siku moja.

Kwa wafugaji wa nguruwe hali ni tofauti. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, wala hakuna chanjo yake inayotumika kwa wafugaji nchini. Fedha ya mfugaji wa nguruwe hufanya kazi zaidi ikitumika kujenga banda imara, kuzuia nguruwe kuzurura, kuchemsha mabaki ya chakula na kuzuia wageni kuingia bandani, kuliko ikihifadhiwa kwa ajili ya dawa.

Mbwa na paka

Mbwa hulinda boma na mashamba, na paka hulinda ghala dhidi ya panya. Hata hivyo, katika hesabu za kaya wanyama hawa husahaulika, kwa kuwa hawauzwi sokoni. Gharama kubwa inayoweza kuletwa na mbwa haihusu matibabu ya mbwa mwenyewe. Inahusu matibabu ya mtu aliyeng'atwa.

Kichaa cha mbwa hakina tiba baada ya dalili kuonekana, iwe kwa mnyama au kwa binadamu. Mtu aliyeng'atwa na mbwa anayeshukiwa hupaswa kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo ili kuanza chanjo. Chanjo hiyo huhitaji dozi kadhaa kwa siku tofauti. Kwa familia iliyo mbali na mji wa Kasulu au Kibondo, kila dozi huongeza nauli na siku ya kazi iliyopotea. Waathirika wengi wa ugonjwa huu ni watoto.

Mbwa huchanjwa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi 3, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Kampeni nyingi za chanjo hufanyika kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28. Mwenye mbwa hushauriwa kuuliza ratiba kwa afisa mifugo wa kata, na kuitunza kadi ya chanjo mahali salama. Mbwa anapomng'ata mtu, kadi hiyo ndiyo kumbukumbu ya kwanza ambayo mtaalamu ataihitaji.

Mfuko wa kaya

Kwa gharama ambazo kinga haiwezi kuzizuia, kama vile ng'ombe kukwama wakati wa kuzaa, mbuzi kuvunjika mguu au ndama kuharisha, kaya inahitaji akiba. Namna iliyo rahisi ni kutenga kiasi kidogo kwa ukawaida. Shilingi 1,000 kwa wiki hufikia shilingi 52,000 kwa mwaka. Kwa kaya inayouza maziwa au mayai, sehemu ndogo ya mauzo ya kila siku inaweza kuelekezwa huko, ili mnyama mwenyewe achangie matibabu yake.

Kaya isiyopata fedha kila wiki inaweza kutumia utaratibu wa mbuzi wa akiba. Beberu mmoja hutengwa kwa makubaliano ya wanakaya wote kwamba ni wa matibabu ya mifugo. Beberu huyo huuzwa akiwa mzima, wakati bei ni nzuri, na fedha yake huwekwa kabla ya mvua kuanza. Mnyama mzima huuzwa kwa mazungumzo. Mnyama anayeuzwa kwa dharura huuzwa kwa huruma ya mnunuzi.

Fedha hiyo hupaswa kutunzwa mbali na fedha ya matumizi ya kila siku, iwe benki, katika chama cha akiba na mikopo au katika akaunti ya simu. Baba na mama wote wawili wanapaswa kujua ilipo na namna ya kuipata. Mara nyingi mtu anayegundua kwamba mnyama hakula ni yule anayebaki nyumbani, na kusubiri mwenye namba ya siri arudi safari kunaweza kuwa tofauti kati ya kupona na kufa.

Nguvu ya kikundi

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, vikiwemo VICOBA, na kuvitaka visajiliwe. Vikundi vingi huwa na mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama huuchangia katika kila kikao kwa ajili ya misiba na magonjwa ya wanafamilia. Wanachama ambao ni wafugaji wanaweza kukubaliana, kwa maandishi katika katiba yao, kuanzisha mfuko wa namna hiyo kwa ajili ya mifugo. Wanachama 20 wanaochangia shilingi 1,000 kila wiki hukusanya shilingi 1,040,000 kwa mwaka.

Katiba hiyo inapaswa kujibu maswali manne: mfuko unahusu wanyama wa aina gani, fedha inayotolewa ni msaada au mkopo, ni kiwango gani cha juu kwa tukio moja, na nani anathibitisha ugonjwa. Inashauriwa uthibitisho utolewe na mtaalamu wa mifugo, na mwanachama ambaye hakuchanja wanyama wake asinufaike na mfuko kwa ugonjwa ambao chanjo yake ilipatikana.

Mnyama aliye mikononi mwa mwingine

Katika Buha ya zamani ulikuwepo utaratibu ulioitwa ubugabire, ambao mwenye ng'ombe alimkabidhi mtu mwingine mnyama kwa masharti ya heshima na huduma. Masharti ya kale yametoweka, lakini desturi ya kumtunzia mtu mnyama na kugawana mazao ipo hadi leo, ikiwemo kwa watumishi na wafanyabiashara wanaoishi mjini na kuweka mifugo kijijini. Migogoro mingi huanzia mahali pamoja: mnyama ameugua, mwenye mali hapatikani, na mtunzaji hana fedha au anaogopa kulaumiwa. Pande mbili zinapaswa kuandikiana mapema nani analipia kinga, nani analipia matibabu, na ni kiasi gani mtunzaji anaruhusiwa kutumia bila kuuliza. Mwenye mifugo aliye mbali aache fedha hiyo kwa mtunzaji.

Bima na mipaka yake

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) husimamia kampuni zinazotoa bima, na bima ya mifugo ni miongoni mwa huduma zilizopo nchini. Mfugaji anapaswa kufahamu kwamba kwa kawaida bima ya mifugo hufidia kifo cha mnyama na hailipi ada ya daktari. Nchini Kenya, bima iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010 hutumia picha za satelaiti kupima hali ya malisho, hivyo hulenga ukame na si magonjwa. Kwa hiyo bima husaidia mwenye ng'ombe wa thamani kubwa, lakini haiondoi haja ya akiba ya matibabu. Kabla ya kutia saini, mfugaji aulize ni vifo gani havifidiwi na ni kumbukumbu gani za chanjo zitakazodaiwa.

Siku mnyama anapougua

Akiba hupotea upesi ikitumika vibaya. Mfugaji anashauriwa kumwita afisa mifugo siku ya kwanza dalili zinapoonekana. Ndigana kali, ambayo huambatana na homa, kuvimba tezi chini ya masikio na kupumua kwa shida, hutibika kwa mafanikio zaidi mapema. Ng'ombe aliyecheleweshwa hutumia dawa ileile ya bei kubwa na bado akafa.

Kabla ya kulipa, mfugaji ana haki ya kumuuliza mtaalamu mambo matatu: ugonjwa unaodhaniwa ni upi, gharama yote hadi mwisho wa matibabu ni kiasi gani, na matumaini ya kupona yakoje. Majibu hayo humwezesha kulinganisha gharama na thamani ya mnyama. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inataka huduma hizo zitolewe na wataalamu wanaotambuliwa na Baraza la Veterinari. Dawa inunuliwe katika duka lililosajiliwa, kwani dawa iliyokaa juani mnadani huweza kuwa imepoteza nguvu, na fedha iliyoinunua imepotea pia. Maziwa na nyama ya mnyama aliyetibiwa visitumike hadi muda uliotajwa na mtaalamu upite, na hasara ya maziwa hayo nayo iingizwe katika hesabu.

Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa damu isiyoganda puani au kwenye matundu mengine ya mwili, asichunwe, asiliwe wala asiuzwe kwa lengo la kufidia hasara. Hizo ni dalili za kimeta, ugonjwa unaoua binadamu. Taarifa itolewe mara moja kwa afisa mifugo au uongozi wa kijiji.

Mwisho, kila kaya iwe na daftari la mifugo. Humo iandikwe tarehe ya chanjo, dawa iliyotumika, kiasi kilicholipwa na matokeo yake. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litaionyesha kaya ilitumia kiasi gani, katika miezi ipi na kwa magonjwa yapi, na hapo ndipo kiasi cha akiba ya mwaka unaofuata kitakapopangwa kwa hesabu badala ya kubahatisha.