Hanang, mlima wa jirani

Watu wengi ninaokutana nao hapa mjini, nikitaja Singida, wananijibu kuku, alizeti na upepo. Wakiongeza cha nne ni vumbi. Nikitaja Ihanja ndiyo kabisa, wananitazama kama nimetaja kijiji cha nchi nyingine. Basi kwa faida yao: Ihanja ni kata ya Wilaya ya Ikungi, wilaya iliyomegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012, kwa Wanyaturu, upande wa magharibi wa barabara inayotoka Singida kwenda Manyoni. Ni nchi ya uwele, mtama, alizeti na mawe. Mawe hasa. Yamebebana moja juu ya jingine kana kwamba kuna mtu aliyapanga halafu akasahau kuja kuyachukua.

Lakini leo naandika habari za mlima ambao hauko Ihanja. Ukipanda juu ya mojawapo ya mawe hayo asubuhi, mvua ikiwa imeosha vumbi la hewani, ukatazama kaskazini mashariki, utaona mbali sana kitu cha rangi ya bluu kimekaa peke yake juu ya tambarare. Huo ni Hanang, uko Mkoa wa Manyara (zamani Arusha, mpaka mkoa ulipogawanywa mwaka 2002). Una urefu wa mita 3,417, na ukiondoa Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin huna mlima mwingine Tanzania wa kuuzidi. Huku kwetu jua limekausha kila kitu, kule kuna msitu wa kijani mwaka mzima na ukungu. Nimekuwa nikijiuliza kwa muda mrefu: kwa nini wao na si sisi? Jirani kapewa msitu, mwenzake kapewa mawe. Jibu nililolipata ni refu kidogo, na lina kifo ndani yake, kwa hiyo naomba uvumilivu wako, ndugu msomaji.

Tuanze na mawe yetu. Singida yote imekaa juu ya kile wanajiolojia wanachokiita kratoni ya Tanzania, yaani kipande cha kale cha ganda la dunia ambacho hakijakunjwa wala kuvunjwa sana tangu kilipopoa. Matale ya hapa yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hebu kaa nayo hiyo namba kidogo. Milima iliyowahi kuwepo juu yake imeshasagwa na mvua, jua na upepo mpaka ikabaki tambarare, na yale mawe tunayoyapanda ni mabaki magumu yaliyokataa kuoza wakati udongo wa pembeni yake unaondoka. Madini kama dhahabu yamebaki katika mikanda ya miamba ya kale iliyomo humo. Dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, ndiyo Wajerumani waliyoitumia Tabora mwaka 1916 kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, wakati vita imewabana na meli hazifiki. Kwa dhahabu nchi hii haikunyimwa. Kwa rutuba ndiyo ilinyimwa. Tale likioza linatoa mchanga, na mchanga ulionyeshewa kwa miaka mingi hivyo umeshapoteza karibu kila kitu mmea unachokitaka. Kile kidogo kinachobaki kinasukumwa na maji hadi mabondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Mpangilio huo wa mchanga juu na mbuga chini uliwahi kumpa umaarufu mtaalamu mmoja wa udongo, Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara. Mwaka 1935 aliupa jina la katena, yaani mnyororo, na sasa wanafunzi wa udongo dunia nzima wanalisoma. Wasukuma walikuwa na majina ya kila pingili ya mnyororo huo kabla yake: luseni kwa mchanga wa juu, mbuga kwa ule mweusi wa chini. Nalisema hili kwa sababu tuna tabia ya kudhani maarifa yanaanza siku yanapochapishwa.

Sasa Hanang. Mlima huu ni mtoto. Ni volkano iliyojengeka miaka milioni moja hivi iliyopita, na ukilinganisha na tale la Ihanja ni kama mtoto wa wiki moja mbele ya babu. Ulizaliwa pale Bonde la Ufa linapoishia nguvu. Bonde hilo linashuka kutoka Kenya, linapita Natron na Manyara, likifika huku linagonga kratoni ngumu na kuanza kutawanyika katika kingo ndogo ndogo. Mojawapo ya kingo hizo iko karibu na Hanang, na chini yake kuna ziwa la chumvi la Balangida. Ol Doinyo Lengai, ambayo ililipuka tena mwaka 2007 na 2008, iko kwenye mstari huo huo upande wa kaskazini. Hanang ni mlima mkubwa wa mwisho wa volkano upande huu. Baada yake, ukienda kusini, huna wa kulingana nao mpaka ufike Rungwe, Mbeya. Kreta yake haikubaki bakuli zima, imebomoka upande wa mashariki. Naomba ulikumbuke hilo neno, kubomoka.

Msitu unatokana na urefu. Singida mjini tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yetu ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, yote ikija kwa mkupuo mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni upepo tu kutoka mashariki na kusini mashariki, mkavu, unaovuka tambarare bila kitu cha kuuzuia. Ni upepo huo huo unaofika Hanang. Tofauti ni kwamba pale unakuta ukuta. Unalazimika kupanda, na hewa ikipanda inapoa, karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, unyevu wake unageuka wingu, na wingu linashika miti. Ndiyo maana miteremko ya kusini na mashariki ina msitu mzito kuliko ya kaskazini na magharibi, ambako upepo unashuka umeshakamuliwa. Hata siku isiyo na mvua, majani ya miti yanachuja ukungu na kudondosha maji chini. Ukipita msitu, huko juu kabisa unakuta nyasi na vichaka vya baridi.

Kwa hiyo msitu wa Hanang ni kama kisiwa, umezungukwa na bahari ya nyasi. Eneo lake lililohifadhiwa ni chini kidogo ya hekta 6,000. Ni kidogo sana. Lakini maji yanayotoka humo ndiyo yaliyowaweka watu na ng'ombe pembeni ya mlima kwa vizazi vingi, na lava changa ikioza haitoi mchanga kama wetu, inatoa udongo mweusi wenye nguvu.

Hapo ndipo historia ya watu inapoingia. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, walikuwa wakiizunguka nchi hii na ng'ombe kwa utaratibu: malisho ya tambarare wakati wa mvua, miteremko na mabonde yenye maji wakati wa kiangazi, na kuyaacha kwa muda yale yaliyochoka. Wajerumani walipofika waliuandika mlima kwenye ramani zao kwa jina la Gurui, na mwanajiografia Fritz Jaeger alizunguka nyanda hizi mwaka 1906 na 1907 akipima na kuchora. Ramani zao zilionyesha vilele, maziwa na maboma. Mzunguko wa ng'ombe haukuonekana popote, na kwa mgeni ardhi iliyopumzishwa inafanana kabisa na ardhi isiyo na mwenyewe.

Kosa hilo la macho liliendelea hata baada ya uhuru. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 nyanda za Basotu, magharibi ya mlima, zilianza kulimwa ngano kwa msaada wa Canada, chini ya shirika la umma lililoitwa NAFCO. Mashamba yalifika saba, jumla yapata ekari 100,000, na yalichukuliwa malisho bora kabisa. Makaburi ya wazee wa Kibarabaig, ambayo ni vichuguu vinavyojengwa kwa heshima kubwa, yalipitiwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Moja ya sababu ni kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mbarabaig, pembeni ya Hanang, athibitishe uenyeji! Ng'ombe walisukumwa kwenye maeneo madogo yaliyobaki, na ardhi iliyolimwa na mashine kubwa ikaanza kuchimbika makorongo mvua zilipokuja.

Na mvua zilikuja kweli mwaka 2023. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza kwamba kutakuwa na El Niño, na Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida. Jumapili ya tarehe 3 Desemba, asubuhi, tope lilishuka kutoka Hanang kwa kufuata mikondo ya mito, likapita Gendabi na Jorodom likaingia mji wa Katesh. Halikuwa maji ya mafuriko tuliyoyazoea. Lilikuwa uji mzito uliobeba majabali na magogo. Watu 89 walikufa.

Wiki ile nilisikia maelezo mawili kila kona. La kwanza lilisema volkano imeamka. La pili lilisema wananchi wamekata miti, mlima umelipiza. Serikali, baada ya wataalamu wake kwenda, ilisema hakukuwa na mlipuko wala tetemeko: sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji mpaka ikazidiwa, ikameguka na kugeuka tope. Mimi hilo la pili ndilo lililoniudhi zaidi, maana linawarudishia lawama walewale waliofiwa. Yale magogo yaliyotapakaa Katesh yalitoka wapi kama huko juu hakukuwa na miti? Mizizi inashika udongo wa juu, na hiyo ni kazi kubwa, nisieleweke vibaya. Lakini mwamba ukilowa na kulegea kutoka chini, mti unakwenda nao.

Volkano ya aina hii ni marundo ya majivu na lava yaliyopangana bila kushikamana vizuri. Maji yanapenya kirahisi, ndiyo maana kuna chemchemi, na yanaozesha mwamba kirahisi, ndiyo maana kuna rutuba. Katesh imekaa juu ya vitu vilivyoshuka zamani kutoka mlimani. Shamba zuri na lile tope vinatoka chungu kimoja. Matale ya Ihanja yalishamaliza kuporomoka kwao zamani mno, kabla hata hakujawa na mnyama wa kuyaona, na ndiyo maana tunalala salama chini yake na kuvuna debe mbili.

Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, COP28, habari zilipomfikia, akakatisha safari. Waliopoteza makazi walijengewa nyumba zaidi ya 100 mahali panapoitwa Waret, mbali na mikondo ya mlima. Waret ni jina la mojawapo ya yale mashamba saba ya ngano.