Mchezo wa bure wa vita vya anga, na roketi za Luvua: nani alibaki na ufundi?



Jioni moja, umeme wa Bendera ulipokubali kurudi, nilipita kwa jirani mmoja huku Kitali nikamkuta kijana wake ameinamia ordinatere. Ndani ya kioo vyombo vya anga vilikuwa vinafukuzana kati ya nyota, vinapigana risasi za moto. Mchezo huo aliupata kwa rafiki, ndani ya flashi. Hakununua, wala hakuhitaji intaneti kuucheza. Baba yake alisimama mlangoni akauliza: "Nani amelipa kitu hiki?" Kijana akajibu: "Hakuna, papa, ni cha bure." Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, kitu cha bure huwa kina mwenyewe nyuma yake."

Swali la mzee nililichukua nikaenda nalo nyumbani. Lina historia ndefu, na kipande kimoja cha historia hiyo kilipita katika nchi yetu hii, miaka ya Zaire.

Tuanze na mchezo wenyewe. Vita vya anga ni karibu wazee wa michezo yote ya kompyuta. Mwaka 1962, katika chuo kikuu cha MIT huko Marekani, kijana Steve Russell na wenzake walikuwa wanapenda mno vitabu vya hadithi za anga, hasa vya mwandishi E. E. Smith. Chuo kilikuwa kimepata kompyuta mpya iitwayo PDP-1, mashine kubwa kama makabati yaliyopangwa ukutani, ambayo bei yake ilikuwa karibu dola 120,000. Vijana wakaandika mchezo wa vyombo viwili vinavyopigana kuizunguka nyota. Wakauita Spacewar. Russell aliandika msingi wake. Peter Samson akaongeza ramani ya nyota za kweli. Dan Edwards akaongeza nguvu ya uvutano, ili chombo kikikaribia nyota kivutwe na kuungua.

Hawakuuza. Kila aliyekuwa na PDP-1 aliweza kupata nakala, kuisoma jinsi ilivyoandikwa, na kuongeza lake. Kwa hiyo mchezo wa anga ulizaliwa bure, mikononi mwa wapenzi.

Biashara ikaja baadaye. Mwaka 1990 kampuni ya Origin Systems ya Marekani ilitoa Wing Commander, kazi ya Chris Roberts. Humo mchezaji ni rubani wa kivita, na binadamu wanapigana na Wakilrathi, viumbe wenye sura ya paka wakubwa. Mchezo ukapendwa sana, ukafuatwa na mingine. Mwaka 1992 Origin ikanunuliwa na kampuni kubwa ya Electronic Arts, na mwaka 2004 ikafungwa. Waliokuwa wanangoja sehemu nyingine ya hadithi waliona mlango umefungwa.

Kampuni nyingine, Volition, mwaka 1999 ilitoa mchezo wa aina hiyo hiyo, FreeSpace 2. Waliojua michezo waliusifu, lakini sokoni haukuuzika vizuri. Mwaka 2002 Volition ilifanya jambo ambalo makampuni hufanya mara chache: ilitoa wazi maandishi ya ndani ya programu, yale mafundi wanayoyaita msimbo. Msimbo ni kama maelezo ya fundi seremala aliyeandika kila kipimo cha kiti chake. Ukiwa na kiti tu unaweza kukikalia. Ukiwa na vipimo unaweza kutengeneza kingine, kukirefusha miguu, kukiongezea mgongo. Sharti lilikuwa moja kubwa: msitumie msimbo huu kufanya biashara.

Hapo wapenzi wa pande mbili wakakutana. Kikundi cha watu wa kujitolea kilichukua injini ya FreeSpace 2, ambayo wapenzi wengine walikuwa wanaiboresha, kikajenga juu yake mchezo mpya katika ulimwengu wa Wing Commander. Walifanya kazi hiyo karibu miaka kumi, baada ya saa za kazi na za masomo, bila mshahara. Mmoja alichora vyombo, mwingine aliandika mazungumzo, mwingine alitoa sauti. Machi 2012 wakautoa: Wing Commander Saga, wenye misheni zaidi ya hamsini. Bei yake ni sifuri.

Hapa ndipo jibu la kwanza kwa mzee wa Kitali. Kwa nini ni bure? Sababu moja ni mapenzi. Sababu ya pili ni sheria: msimbo ulikatazwa kuuzwa, na majina ya Wing Commander ni mali ya Electronic Arts. Wapenzi wasingeweza kuuza hata kama wangetaka. Waliloweza ni kutengeneza na kutoa. Basi mzee alisema kweli: mwenyewe yupo nyuma. Lakini mwenyewe huyo hakuweza kufunga kila kitu, kwa sababu ufundi ulikuwa umeshaenea kwa watu.

Ushahidi ulikuja mwaka 2023. Volition yenyewe ilifungwa, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kazi. Injini ya FreeSpace 2 haikufa nayo. Wanaoitunza hawakuwa wafanyakazi wa Volition, na waliendelea kuitengeneza kama kawaida.

Sasa, wasomaji, tuache kioo cha ordinatere tutazame kusini ya hapa kwetu, katika nchi ya mto Luvua, ule unaotoka ziwa Moero pale Pweto, unapita Kiambi na kuingia Lualaba huko Ankoro. Vijana wetu wengi wanaocheza vita vya anga hawajui kwamba roketi za kweli ziliwahi kuruka kutoka uwanda wa juu wa mto huo.

Ilikuwa hivi. Katikati ya miaka ya 1970 mhandisi Mjerumani, Lutz Kayser, alianzisha kampuni iitwayo OTRAG. Ilikuwa miongoni mwa makampuni ya kwanza duniani ya watu binafsi kutaka kupeleka satelaiti angani kwa biashara. Kayser alitaka roketi ya bei nafuu. Badala ya chombo kimoja kikubwa chenye vifaa vya thamani, alifunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni. Yalichoma mafuta ya aina ya mafuta ya taa pamoja na asidi ya nitriki. Vali zilifunguliwa na injini ndogo zile zile zinazofuta vioo vya gari wakati wa mvua. Mwenyekiti wa kampuni alikuwa Kurt Debus, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Kennedy ambako Wamarekani walirukia kwenda mwezini.

Rais Mobutu aliikodishia OTRAG eneo la kilomita za mraba 100,000 katika Shaba, kwa mkataba wa kufika hadi mwaka 2000. Ili tuelewe ukubwa huo: jimbo letu lote la Tanganyika la leo lina kilomita za mraba karibu 135,000.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978, siku moja tu baada ya askari wa Ufaransa kuanza kushuka kwa parashuti Kolwezi, katika vita vya pili vya Shaba. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978 mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe, na haikufaulu: ilipoteza njia ikaanguka. Wakati huo Umoja wa Kisovieti ulikuwa unalalamika kwamba Wajerumani wa Magharibi wanajaribu makombora ya vita Afrika, na nchi jirani zikawa na wasiwasi. Mwaka 1979 Mobutu aliiamuru OTRAG isimamishe kazi. Kampuni ikahamia Libya, na katika miaka ya 1980 ikafa kabisa.

Nasema haya bila kumcheka Kayser. Wazo lake la roketi nafuu ya vipande vinavyofanana lilikuwa la akili, na leo makampuni binafsi yanarusha roketi kila wiki. Swali langu ni lingine: sisi tulibaki na nini? Kampuni ilikuja na wahandisi wake, na ilipoondoka iliondoka nao. Nani katika Kiambi, Moba au Kalemie aliachiwa michoro? Ardhi kubwa ilitolewa, ufundi haukuachwa. OTRAG ilipokufa, roketi ya Luvua ikafa nayo. Volition ilipokufa, mchezo wake haukufa. Tofauti haiko katika ukubwa wa kitu, maana roketi ni kubwa kuliko mchezo mara elfu. Tofauti ni nani alikuwa ameshika vipimo.

Na hili halikuishia kwenye roketi. Fungueni ordinatere au simu yoyote: ndani yake kuna vipande vidogo vya kutunzia umeme, na baadhi hutengenezwa kwa tantalamu, madini yanayotolewa katika koltani. Koltani inachimbwa katika jimbo letu, huko Kisengo katika eneo la Nyunzu, na huko Manono. Kijana wa Kitali anaporusha chombo chake kati ya nyota, huenda anatumia mashine yenye udongo wa nyumbani kwake, iliyotoka kwa gunia na kurudi kwa bei ya dola. Katika safari hiyo yote kuna mahali pengi ambapo mtu alijifunza kitu. Chimboni, aliyeshika sepetu alijifunza kuchimba tu.

Ndiyo sababu naona mchezo wa bure ni jambo la kuzungumzwa na watu wazima pia. Wazazi wengi wanalalamika kwamba vijana wanapoteza muda, na mara nyingi wana haki. Kucheza usiku kucha si masomo. Lugha ya michezo hii ni Kiingereza, na vijana wetu wamesoma kwa Kifaransa. Ordinatere zenyewe ni chache, wengi wana simu tu, na umeme tunaujua. Siwezi kuwaambia kwamba flashi moja italeta kazi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho roketi za Luvua hazikuwa nacho na mchezo huu unacho. FreeSpace 2 ulitolewa pamoja na kifaa cha kuundia misheni. Mtu asiyejua kuandika msimbo anaweza kukifungua, akapanga vyombo, akaandika nani atashambulia na lini, akaweka maneno ya makamanda. Wengi waliotengeneza michezo ya wapenzi walianzia hapo. Na msimbo wenyewe, kwa anayetaka kwenda mbele, unaweza kuletwa kwa flashi ile ile na kusomwa bila intaneti.

Na hadithi za kuweka humo hatuzikosi. Tarehe 26 Desemba 1915, boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizobebwa kwa treni na kuvutwa porini tangu Afrika ya Kusini, zilitoka hapa hapa kwetu kwenye mdomo wa Lukuga zikaiteka meli ya Wajerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Vita hivyo vimeandikwa London na kwingineko, na wageni wanavijua kuliko watoto wetu wanaoogelea pale pale. Badilisha ziwa liwe anga, boti ziwe vyombo, na una misheni mbili tayari.

Wiki iliyofuata nilirudi Kitali nikamweleza mzee haya yote, polepole, na chai. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwita mwanawe, akamwambia: "Hicho cha kupigana nimekiona. Nionyeshe sasa hicho cha kutengenezea." Kijana akaanza kutafuta ndani ya mafaili. Hakuwa amewahi kukifungua. Tulikuwa bado tunangoja kiwake umeme ulipokatika, na mzee akasema tutaendelea kesho.