The March (1990): kambi nzima ilipoondoka kwa miguu

Vijana wenzangu, mwaka 1990 BBC ya Uingereza ilionyesha filamu ya siasa inayoitwa The March. Aliyeiandika ni William Nicholson, aliyeiongoza ni David Wheatley. Kisa kinaanzia kambini, Sudan. Njaa imebana, na mtu mmoja, Isa El-Mahdi, anawaambia watu basi, twendeni Ulaya kwa miguu. Hana bunduki. Kama wenye shibe wameamua tufe, anasema, watutazame tukifa mlangoni kwao.

El-Mahdi amechezwa na Malick Bowens, mtu wa Mali. Wengine mmeshamwona bila kumjua: ndiye Farah wa Out of Africa ya 1985, ile iliyopigwa Kenya. Kule alikuwa mtumishi wa mzungu. Huku wazungu ndio wanamfuata yeye! Juliet Stevenson anacheza kamishna wa Ulaya anayekuja kuongea naye. Huyo mama ana huruma ya kweli, ila huruma yake haifungui mpaka. Mimi kasoro naiona moja: wale maelfu nyuma ya El-Mahdi, majina yao karibu hatuyasikii.

Wanavuka bahari kutoka Moroko, wanafika ufukweni Hispania, wanakuta askari na silaha wamejipanga. Inaishia hapo.

Juni mwaka huohuo, nchi tano za Ulaya zikatia saini mkataba wa kutekeleza Schengen: mipaka baina yao iondolewe, ule wa nje ukazwe. Mwaka 1991 Hispania ikaanza kuwadai Wamoroko viza.