Dawa Hupimwa Kabla ya Kusifiwa

Msomaji mpendwa, uishiye karibu na mashamba ya chai ya Kisii na Nyamira, huenda umesikia dawa ikisifiwa sokoni kabla haijapimwa. Jambo hilo liliwahi kulipata taifa zima. Katika mwaka wa 1990 Kemron ilitangazwa kwa shangwe kuwa dawa ya UKIMWI. Ilipopimwa kwa makini, haikuonekana kufaa. Baadaye Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwaongoza wenzake kutafuta chanjo ya ugonjwa huo. Mwaka wa 2001 waliijaribu kwa watu wachache waliojitolea. Nguvu yake ilipoonekana kuwa haba, jambo hilo halikufichwa. Bwayo aliuawa na majambazi mwaka wa 2007. Chanjo hakutuachia, bali mfano wa kupima kwanza na kusema kweli. Nawe uingiapo maabara, uufuate.