Magoti Yakilia Baada ya Karate: Kwa Walioanza Wakishapita Arobaini

Sku hizi ukipita kwenye kumbi za karate, taekwondo au judo hapa Pwani utawaona watu wa rika letu. Mkanda mweupe kiunoni, mvi kidevuni. Mmoja aliambiwa na daktari sukari inapanda, atafute cha kuutoa jasho mwili. Mwengine alikuwa akimpeleka mtoto, mwishowe akachoka kukaa kwenye benchi akimngoja. Wiki mbili za kwanza ni raha tupu. Ya tatu, mtu anashuka ngazi za nyumba akishika ukuta, na akienda kusujudu goti linalia. Wengi huacha hapo hapo na kusema ni uzee. Mara nyingi si uzee, na kuacha si dawa.

Kwanza ujue kinachouma ni nini. Maumivu ya nyama huanza siku ya pili, huwa makali baina ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, hushika pande zote mbili za mwili na hulegea ukianza kutembea. Hayo hayana neno, yaache yapite. Maumivu ya kiungo ni mengine. Unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, huja kwa tendo maalumu kama kuchutama au kugeuka, na aghalabu ni ya upande mmoja. Baina ya hayo mawili kuna maumivu ya kano, zile kamba zinazofunga nyama kwenye mfupa: asubuhi zimekakamaa, ukitembea zinapoa, usiku zinarudi.

Sababu ya tofauti hiyo ni damu. Nyama hupata damu nyingi, kwa hivyo ndani ya wiki sita hadi nane za mazoezi inaongeza nguvu wazi wazi. Kano hupata damu chache na huchukua miezi kukomaa, na baada ya miaka arobaini hupungukiwa na mnyumbuko. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mshipa wa damu hata mmoja. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiwa, mfano wa sifongo. Ndiyo maana kulala kitandani wiki nzima hakuliponyi goti. Na ndiyo maana mtu wa miaka 45 huwa hatarini zaidi mwezi wa pili kuliko siku ya kwanza: nyama zishapata nguvu, kano bado, naye anajiona kijana.

Katika viungo vyote, goti ndilo la kuangaliwa sana, hasa la mguu uliosimama. Watu hudhani mguu unaopiga teke ndio wenye kazi. Tizama teke la kuzungusha, lile wanalokarate huliita mawashi geri. Nyonga inageuka kwa nguvu, na unyayo ulio chini sharti ugeuke nayo mpaka kisigino kielekee kule unakopiga. Unyayo ukinata sakafuni kwa jasho au kwa uvivu, nyonga imegeuka na mguu haukugeuka, basi msokoto wote unaingia gotini. Goti ni kama bawaba ya mlango, kazi yake kukunja na kukunjua. Ukilisokota, utando ulio ndani yake huchanika. Kwa hivyo anza na mateke ya chini, taratibu, ukiushika ukuta, mpaka unyayo uzoee kugeuka wenyewe.

Jambo la pili ni mkao. Kwenye zenkutsu dachi, mkao wa mbele, na kiba dachi, ule wa kama mtu aliyepanda farasi, goti lielekee ziliko dole za mguu. Inama utizame: usipokiona kidole gumba chako, yaani goti limeingia ndani na kukificha, limekaa vibaya. Kaa juu kidogo. Mwalimu mzuri hatakulazimisha kushuka kama kijana wa miaka 17, na anayekulazimisha mtafutie mwenzake. La tatu, ukipiga hewa usilinyooshe goti au kiwiko mpaka mwisho kwa kishindo. Hakuna kitu cha kuupokea mshindo huo, basi kiungo chenyewe ndicho kinachoupokea.

Sakafu nayo ina lake. Kumbi zetu nyingi ni saruji iliyotandikwa zulia jembamba, na kurukaruka peku juu yake ni kujitafutia balaa. Kama hakuna mikeka minene, miruko waachie vijana. Ufuoni maji yakitoka ni pazuri, lakini juu ya mchanga uliolowa ukashikana. Mchanga mkavu wa juu humeza kisigino na kuivuta kano iliyo nyuma yake, na kano hiyo ndiyo hukatika kwa wanaume wa umri huu. Aliyepatwa husema alidhani amepigwa teke kwa nyuma.

Uzito pia. Imepimwa kwa watu wanene wenye magoti mabovu, ikaonekana kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Ukiwa na kilo kumi za ziada, hesabu mwenyewe, kisha uitizame ile chapati ya tatu.

Nyonga haina maneno mengi. Umbo la tundu la nyonga mtu huzaliwa nalo, na wako ambao mguu wao hautafika kichwani hata wajinyooshe miaka kumi. Ukihisi mbano kwenye kinena mguu ukipanda, piga kiunoni, inatosha. Kiganja kiwe sawa na mfupa wa mkono unapopiga mfuko. Bega huumia zaidi kwa wanaojudo wasiojua kuanguka, kwa hivyo jifunze kuanguka kabla ya kujifunza kuangusha. Mwenye kisukari ajue kwamba bega lake ni rahisi kuganda, asisubiri likaganda. Kuhusu kile kikao cha Kijapani cha kukalia visigino, sisi tuna nafuu, kwani tumezoea tahiyatu. Tofauti ni kwamba kule nyayo zote mbili hulazwa, na kifundo cha mguu huvutika zaidi. Weka kitambaa kilichokunjwa chini yake.

Sasa kuna jambo letu sisi watu wa Pwani. Si kila kiungo kinachouma kimeumizwa na karate. Chikungunya iliipiga Lamu mwaka 2004 na Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, na jina lenyewe ni la Kimakonde, la mtu aliyejikunja kwa maumivu. Homa yake huisha kwa siku chache, lakini viungo vya baadhi ya watu huendelea kuuma kwa miezi, hata zaidi ya mwaka. Aliyeugua asiingie ukumbini kwa sababu tu homa imekwisha. Jongo nayo ina alama yake: kidole gumba cha mguu huvimba usiku, kikawa chekundu na kisiweze kuguswa hata na shuka, bila ya kugongwa. Maini, nyama nyekundu na dagaa huichochea, na baadhi ya dawa za presha za kukojoza maji pia. Na anayeamka viganja vyote viwili vimekakamaa zaidi ya nusu saa, kila siku kwa wiki kadhaa, akapimwe baridi yabisi.

Juu ya dawa sitaki kuficha fikira yangu: tunameza diklofenaki kama peremende. Dawa hiyo na ndugu yake ibuprofeni hupunguza uvimbe, ni kweli, lakini huumiza tumbo, figo na hupandisha presha. Kumeza kabla ya mazoezi ili usisikie maumivu ni kuizima kengele moto ukiwaka. Mwezi wa Ramadhani ni hatari zaidi, kwani aliyefunga ana maji machache mwilini na figo zake tayari zina kazi. Ukiwa na homa pamoja na maumivu ya viungo usizimeze kabisa kabla ya kupimwa, maana dengi nayo ipo hapa kwetu na dawa hizo huzidisha kutoka damu. Parasetamoli ni salama zaidi, kwa kipimo chake. Tena kuna antibaiotiki iitwayo siprofloksasini ambayo watu hununua dukani kwa kila tumbo linalouma. Hiyo hudhoofisha kano kwa baadhi ya watu mpaka zikakatika. Ukiandikiwa, mwambie daktari unafanya karate, na upumzike.

Kuchua kwa mafuta ya karafuu au ya habasoda hakuna ubaya kwa nyama iliyochoka, na joto lake linaliwaza. Lakini kiungo kilichovimba leo usikichue wala usikipeleke kwa mkandaji akakivuta. Kifunge barafu kwenye kitambaa, dakika 15 hivi, mara chache kwa siku, na mguu uuinue.

Mpangilio unaofaa ni mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo, kukiwa na siku mbili za kupumzika katikati, na dakika 15 za kuupasha mwili moto hata kama darasa huanza kwa dakika tano. Wahi mapema uanze peke yako. Siku za katikati tembea au uogelee, na ufanye mazoezi ya paja: kaa na kuinuka kitini bila mikono, mara kumi, ukipumzika na kurudia. Wakati wa mfungo, dakika kabla ya futari au baada ya tarawehe zatosha kunyoosha tu.

Kipimo cha kuzidisha ni asubuhi ya pili. Maumivu yakiwa yameisha au yamebaki kidogo, endelea. Yakiwa makali kuliko usiku ule, punguza nusu. Usingoje asubuhi ya pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ikiwa ulisikia mlio na goti likavimba ndani ya masaa machache, ikiwa goti limekwama halikunjuki, ikiwa huwezi kuukanyagia mguu hatua nne, au ikiwa kiungo ni chekundu, kina moto na una homa.