Jinsi ya kuchagua sanduku la kukinga mitambo ya visima Kitui na Makueni

KISIMA kinapokoma kutoa maji katika kaunti za Kitui na Makueni, lawama huelekezwa kwa pampu. Hata hivyo, pampu yaweza kuwa salama chini ya ardhi, huku kilichoharibika kikiwa kidhibiti chake cha umeme kilichowekwa juu ya ardhi, ndani ya sanduku lisilofaa.

Hasara yake si ya fedha pekee. Hadi kidhibiti kipya kipatikane, wakazi hulazimika kurejea kwenye mito iliyokauka, kufukua mchanga na kusafirisha mitungi kwa punda.

Kwa sababu hiyo, kamati za maji, wenye mashamba ya kunyunyizia maji na wenye viwanda vidogo wanahitaji kufahamu mambo ya kuzingatia kabla ya kununua sanduku la kuhifadhia mitambo nje.

Adui wa kwanza ni joto

Wanunuzi wengi huuliza swali moja tu: je, maji yataingia? Katika nyanda kame za Ukambani, swali hilo halitoshi. Mvua hunyesha kwa misimu miwili mifupi, masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Jua na vumbi hutawala kipindi kingi kilichosalia, hasa maeneo ya chini kama vile Mutomo, Ikutha, Kibwezi na Mtito Andei.

Vifaa vingi vya kielektroniki huundwa kufanya kazi katika hewa isiyozidi nyuzijoto 40 au 50. Sanduku la chuma lililofungwa kabisa na kuachwa juani linaweza kupita kiwango hicho, kwani kidhibiti chenyewe pia hutoa joto. Wahandisi hukadiria kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, maisha ya baadhi ya vipuri hupungua kwa karibu nusu.

Dawa yake ni rahisi. Sanduku liwe kubwa kuliko kifaa ili joto litawanyike, liwe jeupe au la kijivu hafifu, na liwekwe kivulini, kwa mfano chini ya paneli za sola. Pasipo na kivuli, paa dogo la mabati lenye nafasi ya hewa kati yake na sanduku husaidia. Mlango usielekezwe magharibi, ambako jua la alasiri huchoma.

Kusoma alama ya IP

Sanduku la viwandani huwa na alama ya IP inayofuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza huonyesha kinga dhidi ya vumbi: 5 ina maana kwamba vumbi kidogo laweza kupenya bila kudhuru kifaa, na 6 kwamba halipenyi kamwe. Ya pili huhusu maji: 4 ni matone yanayorushwa kutoka kila upande, 5 ni maji ya mpira wa kunyunyizia, 6 ni maji yenye nguvu zaidi, na 7 ni kuzamishwa kwa muda mfupi katika kina kisichozidi mita moja.

Kwa kisima kilicho mahali pa wazi, IP65 hutosha. Tarakimu kubwa si lazima iwe bora zaidi. Sanduku la IP67 limepimwa kwa kuzamishwa, na hilo halithibitishi kwamba litastahimili maji yanayorushwa kwa nguvu.

Alama hiyo hupoteza maana fundi anapotoboa tundu jipya na kuliacha wazi. Waya ziingie kutoka chini, kupitia vifungio vyenye mpira, na matundu yasiyotumika yazibwe. Likihitaji matundu ya kupitisha hewa, yawekewe vichujio vinavyosafishwa mara kwa mara. Yakiachwa wazi, mijusi, siafu na nyuki watageuza sanduku kuwa makao.

Chuma au plastiki?

Chuma kilichopakwa rangi ni imara dhidi ya wezi, lakini hushika kutu rangi inapochunika. Visima vingi vya kaunti hizo mbili vina maji ya chumvi, hivyo sanduku lililo karibu na mdomo wa kisima linafaa kuwa la chuma kisichoshika kutu au la faibaglasi.

Plastiki haishiki kutu na ni nyepesi, lakini ile isiyotengenezewa jua hukauka na kupasuka. Mnunuzi adai maandishi ya kiwanda yanayothibitisha kwamba inastahimili miale ya jua. Sanduku la chuma nalo sharti liunganishwe na waya wa kupeleka umeme ardhini, na kidhibiti kiwekewe kinga ya radi.

Mahali pa kuliweka

Mito ya msimu hughafilisha watu. Mnamo Desemba 2021, zaidi ya watu 30 walifariki basi liliposombwa na Mto Enziu, karibu na Mwingi. Visima vingi vifupi huchimbwa kando ya mito kama huo na kwenye mabwawa ya mchanga. Hapo sanduku lipandishwe juu ya alama ya mafuriko ambayo wazee wa eneo hilo wanaikumbuka, wala wenyewe wasitegemee tarakimu ya IP pekee.

Kazi ya kuunganisha umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Ukaguzi ufanywe mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kabla ya misimu ya mvua. Mkaguzi azime umeme kwanza, kisha atazame mpira wa mlango kama umekauka, afute vumbi, akaze vifungio vya waya na kutafuta dalili za maji. Mpira wa mlango ni wa bei nafuu ukilinganishwa na kidhibiti kipya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.