Mtakatifu

Neno mtakatifu asili yake ni kitenzi kutakata, yaani kuwa safi, ambacho pia kimetupa kutakasa. Hata hivyo, desturi imewazoesha wengi kulitumia kwa wale tu waliotangazwa na Kanisa, mfano wa mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa na Papa Paulo VI mwezi wa Oktoba 1964, hata Mkristo wa kawaida, akiulizwa yeye ni nani mbele ya Mungu, hujibu kwa unyenyekevu kuwa ni mwenye dhambi, asiongeze neno.

Walakini Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, watu waliogawanyika makundi kwa makundi, walioshtakiana mbele ya mahakimu wasioamini, na walioketi kwenye chakula cha Bwana huyu akiwa na njaa na yule amelewa, aliwaita watakatifu kwanza, ndipo akawakaripia. Hakuihafifisha dhambi, aliwataka waenende kwa kadiri ya jina walilokwisha kujaaliwa, si kwa amali zao, bali kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu katika Kristo.

Kuungama ni wajibu, na toba haina badala. Lakini mtu aliyekwisha kusamehewa, naye akazidi kujinasibisha na dhambi kana kwamba ndiyo nasaba yake, huikanusha rehema aliyoipokea. Basi, msomaji Mkristo, ungama maasi yako kwa ikhlasi, kisha ulipokee jina ulilopewa, na ujitahidi kulistahiki.